Moshi Nao Hunywa Maji

Sisi tunaosomea ualimu tumezoea kueleza wingu kwa sentensi moja: mvuke ukipoa, hugeuka matone. Mimi nikienda mazoezi ya kufundisha siiandiki hivyo ubaoni. Mvuke unahitaji pa kushika, yaani chembe ndogo, na nyingine hutoka kwenye moshi wa kuni.

Chumvi ya jikoni mnaijua ilivyo wakati wa masika. Unyevu hewani ukifika asilimia 75 hivi, punje kavu inayeyuka ghafla. Chembe za moshi zina kampaundi nyingi za kaboni, na nyingi kati ya hizo hazina mpaka huo. Zinakunywa kidogo kidogo kadiri unyevu unavyopanda. Kinachoamua zaidi ni oksijeni. Molekuli yenye oksijeni nyingi, kama sukari, huvuta maji. Ya asili ya mafuta huyakwepa. Kiu hiyo hupimwa kwa namba iitwayo kapa: chumvi hupita 1, chembe za kaboni mara nyingi ni 0.1 hivi.

Sasa utamu uko hapa: kapa haikai palepale. Moshi ukizurura juani siku kadhaa, kampaundi zake huongezewa oksijeni, na chembe iliyokuwa inayakwepa maji inaanza kuyapenda. Huvimba, hutawanya mwanga zaidi, ndiyo maana asubuhi yenye unyevu utusitusi wa moshi huwa mzito. Chembe hizo zikizidi mawinguni, maji yaleyale hugawanywa kwa matone mengi madogo, na matone madogo huchelewa kuwa mvua.