Je, Wajua? Mkono wa Gari la Mashindano Hauponzwi na Bomba

Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kujijengea gari la michezo kwa pauni 250 tu, kwa mfano wa Lotus 7 ya mwaka 1957 na kwa vipuri vya Ford Escort kuukuu. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao hujenga magari yao kila mwaka kwa ajili ya Formula SAE, mashindano yaliyozaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wote hawa hufika mahali pa kuunda mikono ya saspensheni, zile pembetatu za mabomba zinazounganisha gurudumu na chasisi, na mara nyingi swali lao la kwanza ni la bomba: chuma cha kawaida au kromoli, ile aloi ya 4130 iliyopata sifa kwenye fremu za ndege? Naona swali hilo limetangulizwa bure. Bomba karibu daima lina nguvu ya akiba. Kinachopaswa kuamuliwa kwanza ni kiungo cha mwisho wa mkono, na njia ambayo mzigo utapita ndani yake.

Tupige hesabu. Tuseme gari pamoja na dereva lina kilo 600, na kwenye kona kali tairi la mbele la upande wa nje linasukumwa na barabara kwa nyutoni 3,000, karibu uzito wa kilo 300. Kiungo cha chini kikiwa milimita 150 kutoka ardhini na cha juu milimita 400, mkono wa chini utagandamizwa kwa nyutoni 4,800 na wa juu utavutwa kwa 1,800. Sasa chukua bomba la chuma cha kawaida lenye kipenyo cha milimita 25 na unene wa milimita 2. Likisukumwa kwa urefu wake, linahitaji takriban nyutoni 36,000 kabla halijaanza kuharibika umbo. Ongeza breki, ongeza shimo barabarani, bado kuna nafasi kubwa. Isitoshe, kromoli ina nguvu zaidi lakini haina ukakamavu zaidi: kwa vipimo vilevile, mabomba yote mawili hunepa sawasawa.

Mambo hubadilika ukifika kwenye rodi-endi, kile kijicho cha chuma chenye beringi ya mviringo ndani na mkia wenye meno kama bolti. Wajenzi wa nyumbani hukipenda kwa sababu ukikizungusha unarefusha au kufupisha mkono, basi wengi hukifunga mwisho wa nje, kwenye gurudumu. Mkia wa milimita 12 una kiini cha takriban milimita 10 chini ya meno. Ukipitisha zile nyutoni 4,800 moja kwa moja kwenye urefu wake, mkazo ni kama megapaskali 60, jambo dogo. Lakini springi ikiegemea mkono huohuo, uzito wa gari hupita kwenye kijicho kwa kukipinda. Nyutoni 2,000 tu, zikiwa milimita 30 kutoka pale mkia unapoingia kwenye bomba, huleta mkazo wa takriban megapaskali 610. Nguvu haifiki nusu ya ile ya kwanza, mkazo ni mara kumi. Na kila bonde la meno huuzidisha, likisubiri ufa wa uchovu uanzie hapo. Carroll Smith, mwandishi wa vitabu vya ufundi wa mbio na jaji wa Formula SAE hadi alipofariki mwaka 2003, aliupinga mpangilio huo waziwazi, na sababu ni hesabu hii.

Atakayebisha atamtaja Colin Chapman mwenyewe, aliyebuni Lotus 7. Katika gari hilo aliifanya fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona iwe pia nusu ya mkono wa juu. Kipande kimoja, kazi mbili. Ni kweli, na ni ujanja mzuri. Ila fito ile imeundwa kwa ajili ya kupindwa na kusokotwa tangu mwanzo, haina bonde la meno katikati ya mzigo. Pingamizi la uzito nalipa heshima zaidi. Kwa kromoli unaweza kushusha unene hadi milimita 1.2, na kwenye mita 6 za bomba utaokoa kilo mbili na nusu hivi. Kwa timu yenye mchomeleaji hodari hilo lina maana. Kwa anayejifunza kuchomelea, ukuta mwembamba hutoboka upesi, na chuma cha kawaida humsamehe mengi.

Na marekebisho ya urefu wa mkono je? Weka rodi-endi upande wa chasisi, springi ukiisogeza karibu kabisa na gurudumu, ili mikia ibaki kuvutwa na kusukumwa tu. Upande wa nje tumia boljointi ya gari la kawaida, iliyoundwa kubeba mzigo wa pembeni, au beringi ya mviringo iliyoshindiliwa ndani ya kikombe kilichochomelewa kwenye mkono, na pembe ya tairi uipange kwa vipande vyembamba vya bati kwenye breketi. Kanuni za Formula SAE hudai pia bolti ya kiungo chenye beringi ya mviringo ishikwe pande zote mbili, au iwekewe washa pana kuliko tundu la nyumba ya beringi, ili beringi ikichomoka mkono usiachane na gurudumu. Washa hiyo ni bei ya soda.