Kipanya Kilichosimama: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu katika Kompyuta za Zamani

Kompyuta ya nyumbani ikipatwa na hitilafu, aghalabu lawama huangukia kifaa kile kinachoonekana kuwa kimekufa. Kipanya kikigoma kusogea, hununuliwa kipanya kingine. Sauti ikikatika, spika hutupwa. Mara nyingi kifaa kipya nacho hugoma vile vile, na mwishowe kompyuta nzima huwekwa stoo na kuhesabiwa kuwa imekwisha. Kumbe kifaa kilikuwa kizima, na kosa lilikuwa mahali pengine kabisa. Makala haya yanaeleza, kwa mfano mmoja uliowasumbua watu wengi katika miaka ya 1980 na 1990, namna ya kulifuata kosa mpaka kwenye chanzo chake.

Ugonjwa usio na mgonjwa

Mfano wenyewe ni huu. Kompyuta ya aina ya IBM PC inatumia kipanya kilichochomekwa katika mlango uitwao COM1. Mwenyewe ananunua modemu, yaani kifaa cha kupeleka habari kwa waya wa simu, ambayo ni kadi ya kupachikwa ndani. Modemu hiyo imepangwa kutumia mlango wa COM3. Kompyuta inawaka vizuri, na kipanya kinasogea bila taabu. Lakini mara modemu inapoanza kupiga simu, kipanya kinasimama pale pale kilipo, na pengine hakirudii uzima wake mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Je, kifaa kipi ni kibovu? Hakuna hata kimoja. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kutazama jinsi vifaa vinavyozungumza na prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta.

Prosesa haina nafasi ya kuzunguka kila mara ikiuliza kila kifaa kama kina habari. Badala yake, kifaa hupewa waya wake wa kupigia hodi. Kipanya kikisogezwa, hupiga hodi; prosesa huacha kwa muda kazi iliyokuwa ikiifanya, humsikiliza mgeni, kisha huirudia kazi yake. Hodi hiyo huitwa mkatizo, na waya wake huitwa njia ya mkatizo.

Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, iliyotolewa mwaka 1981, ilikuwa na njia 8 tu za mikatizo, zikisimamiwa na chipu moja iitwayo 8259. Njia namba 0 ilikuwa ya saa, namba 1 ya kibodi, namba 6 ya disketi, na namba 7 ya printa. Mwaka 1984 ilitolewa kompyuta ya PC/AT yenye chipu mbili za namna hiyo. Kwa kuwa chipu ya pili iliunganishwa kupitia njia namba 2 ya chipu ya kwanza, njia zilizobaki kwa matumizi zilikuwa 15, wala si 16.

Njia zilikuwa chache, na wenye kuzihitaji walikuwa wengi. Kwa desturi ya kompyuta hizo, milango ya COM1 na COM3 ilikuwa na anwani tofauti, lakini yote miwili ilitumia njia namba 4. COM2 na COM4 nazo zilitumia njia namba 3. Prosesa inapopigiwa hodi katika njia namba 4, hutazama jedwali lililomo katika kumbukumbu ili ijue ni programu ipi iitikie. Programu ya modemu ikishajiandikisha katika nafasi hiyo, hodi ya kipanya haina tena wa kuiitikia. Kipanya kinaendelea kubisha, lakini mlango umekabidhiwa mwenyeji mwingine.

Dawa yake haikuhitaji kununua kitu. Juu ya kadi nyingi za wakati ule palikuwa na pini ndogo ndogo, na vikofia vya plastiki vyenye chuma ndani, viitwavyo jampa. Kwa kuhamisha vikofia hivyo, modemu iliweza kupelekwa COM4, katika njia namba 3, ilimradi COM2 haikuwa na kifaa kinachofanya kazi wakati huo huo. Hata hivyo wengi walikomea hapo, wakashangaa kuona kuwa sasa modemu yenyewe haifanyi kazi. Walikuwa wamesahau kuiarifu programu kuwa modemu imehama.

Kifaa na mkalimani wake

Kusahau huko kunafunua kanuni kubwa. Kifaa chochote cha kompyuta kina pande mbili: umbo lake la chuma na waya, na programu inayojua kuzungumza nacho. Programu hiyo huitwa kiendeshaji, na mafundi huiita draiva. Ni kama mkalimani baina ya kifaa na kompyuta. Mkalimani asipokuwapo, au akiwa amepewa anwani ya zamani, kifaa kizima huonekana bubu.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si "kipi kimeharibika?" bali ni "hitilafu hii ni ya upande upi?" Njia nyepesi ya kulijibu ni kuangalia wakati inapotokea. Iwapo mistari ya ajabu huonekana kwenye kiwambo mara tu umeme unapowashwa, kabla viendeshaji havijapakiwa, basi kifaa au waya wake ndio wa kushukiwa. Iwapo picha ni safi mwanzoni na huharibika tu Windows inapoanza, basi kiendeshaji kishukiwe kwanza.

Kuanzia MS-DOS 6 ya mwaka 1993, mtumiaji aliweza kubonyeza kitufe cha F5 wakati wa kuwasha ili kuruka viendeshaji vilivyoorodheshwa, au F8 ili aulizwe kimoja kimoja kama kipakiwe. Windows 95 nayo ilikuwa na hali ya usalama, ambamo kompyuta huwaka ikiwa na viendeshaji vichache tu vya lazima. Tatizo likitoweka katika hali hiyo, upelelezi umekwisha kupunguzwa nusu.

Hapa hesabu nayo yasaidia. Tuseme kuna viendeshaji 16, na kimoja kati yake ndicho chenye kosa. Kuvijaribu kimoja kimoja kwaweza kuhitaji majaribio 15. Lakini vikizuiwa 8 kwa mara moja, itajulikana kosa liko katika nusu ipi. Kisha 4, kisha 2, kisha 1. Majaribio 4 yanatosha. Sharti ni kwamba viendeshaji vinavyotegemeana visitenganishwe.

Dalili mbali, chanzo mbali

Kompyuta za aina ya PC/AT na zilizofuata huhifadhi saa na mipangilio yake kwa nguvu ya betri ndogo. Nyingi hutumia betri bapa ya CR2032, yenye volti 3. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na baadhi ya kompyuta husahau hata aina ya diski kuu iliyomo ndani yake. Mwenyewe huambiwa kuwa diski haionekani, akadhani kumbukumbu zake zote zimepotea, ilhali kinachohitajika ni betri mpya na kuandika upya mipangilio. Betri za zamani zaidi, zilizounganishwa kwa risasi kwenye bodi kuu, huweza kuvuja na kula nyuzi za shaba. Hizo huondolewa mapema.

Vivyo hivyo, umeme dhaifu hujifanya kosa la kumbukumbu au la diski. Waya wa volti 5 ukipimwa kompyuta ikiwa kazini, unatazamiwa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25, wa volti 12, kati ya 11.4 na 12.6. Kapasita zilizovimba vichwa ni ishara nyingine ya kutazamwa.

Tahadhari hazina budi kuzingatiwa. Kadi isichomolewe kompyuta ikiwa na umeme. Kabla ya kugusa chipu, mkono uguse chuma cha kasha ili umeme tuli uondoke. Sanduku la umeme lisifunguliwe, wala kiwambo cha zamani chenye bomba la kioo, kwani ndani yake mna volti maelfu mengi zinazoweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Na diski ikiwa bado inasomeka, nakala ya yaliyomo itolewe kwanza, kabla ya jaribio lolote.

Kilichobadilika na kilichobaki

Kadi za PCI, zilizoanza katika miaka ya 1990, ziliweza kushirikiana njia moja ya mkatizo, na kompyuta zilianza kugawa njia hizo zenyewe. Jampa zikaadimika. Hata hivyo kompyuta kongwe bado zipo, na nyingine zinaendesha vipimo vya maabara na mitambo ambayo kadi zake hazitengenezwi tena. Kuitupa moja kwa dhana tu ni hasara isiyolipika.

Mwalimu mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuifanya somo. Wanafunzi waandike katika daftari safu nne: dalili, dhana, badiliko moja lililofanywa, na matokeo. Neno zito hapo ni "moja". Abadilishaye mambo matatu kwa pamoja, hata kompyuta ikipona, hatajua ni kipi kilichoiponya. Na siku ugonjwa utakaporudi, ataanza upya gizani.