Hutunzwa kwa Sifa, Hufungwa kwa Fumbo

Sisi watu wa pwani tukilisikia gitaa la benga ndani ya matatu, aghalabu husema hizo ni kelele za bara, tukageuza uso. Nami nilikuwa katika hao. Na hali mimi mwenyewe, nikiwa mtoto wa chuo, mwalimu alinikuta na ubao niliouwamba nyuzi mbili nikijidai napiga udi. Ubao ukavunjwa, na mgongo wangu ukaijua habari yake. Kwa hivyo nilipokuja kuzisoma habari za Daniel Owino Misiani, nikafika pale paliposema kuwa wazazi wake, watu washika dini, hawakutaka kabisa mtoto wao awe mpiga gitaa, niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Yao ilikuwa dini nyingine, lakini fimbo ni ile ile.

Sikusudii, msomaji, kuufufua hapa mjadala wa halali na haramu ya ala. Masheikh wetu wameusema na wanaendelea kuusema. Nataka kumsema mtu aliyeambiwa asiimbe, akaimba. Kisha akaambiwa aimbe hivi, naye akaimba vile.

Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, upande wa Shirati, Tanzania. Kutoka hapo hadi mpaka wa Kenya ni mwendo mfupi tu. Ukivuka umeingia Migori, na ukishika njia ya kaskazini utafika Homa Bay, mji ulio ukingoni mwa ziwa, nyuma yake kilima cha Asego. Zamani kote huko kuliitwa Nyanza Kusini. Mpaka waliouchora Wazungu ulipita katikati ya Wajaluo, huku ndugu na huku ndugu, na Misiani hakuuheshimu sana. Alivuka akiwa kijana akaja Kenya kutafuta riziki kwa gitaa lake.

Gitaa lenyewe lilikuwa mgeni. Askari waliorudi kutoka Burma baada ya vita vya 1945 walikuja nayo, na baadaye wakaja mafundi wa Kongo, kina Mwenda Jean Bosco, ambao kila kijana wa Nairobi alitaka kupiga kama wao. Wengi waliishia hapo, kuiga. Lakini vijana wa Nyanza walikuwa na ala ya nyumbani masikioni mwao, nayo ni nyatiti. Ina nyuzi 8. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, njuga mguuni, na katika kidole kikubwa cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea mti wa ala, kwa hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Vidole vyake havikai mahali. Sauti ya juu hukimbizana na ya chini, na baina yao hutokea sauti ya tatu ambayo hujui imetoka wapi.

Hayo ndiyo waliyoyatia katika gitaa. Msikilize Misiani: anaimba mstari, ananyamaza, na gitaa la kwanza linaurudia mstari ule ule kwa sauti yake, kama mwanafunzi amwitikiavyo mwalimu chuoni. Besi nayo haikubali kuwa mtumishi, inasema yake. Kisha maneno yanakwisha na magitaa yanaachiliwa mbio. Zama za santuri ndogo wimbo ulikatwa pande mbili, na walio wengi, ukweli tuuseme, waligeuza upesi upande wa pili kwa ajili ya mbio hizo. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki aliyetoka Nyanza Kusini na baadaye akaingia bungeni, alizieneza santuri za benga mbali sana. Zimbabwe muziki huo wakauita kanindo, kwa jina lake.

Sasa nije kwenye jambo lililonishughulisha. Mwanamuziki wa Kijaluo hula kwa kusifu watu. Iko desturi yao iitwayo pakruok: ngoma ikiwa imekolea, mtu husimama, hutoa pesa, huusimamisha wimbo, akajisifu yeye na kwao na rafiki zake, kisha wimbo huendelea. Sisi hatuna haki ya kuwacheka, maana mwimbaji wa taarabu hutunzwa mbele ya macho yetu, na anayetunza hutaka aonekane. Misiani naye aliwataja watu katika nyimbo zake, na majina hayo yalimlisha. Mtu alaye hivyo hujifunza upesi kutomuudhi mwenye mfuko.

Yeye hakujifunza. Katikati ya majina na mapenzi alipenyeza visa vya wanyama na visa vya manabii waliomo katika Biblia, na wasikilizaji wakajua mnyama yule ni nani. Wakubwa nao wakajua. Alitiwa ndani zaidi ya mara moja. Hata uzeeni, baada ya utawala kubadilika Kenya mwaka wa 2002, wakati wengi walikuwa bado wanashangilia, alitoa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, na mwenye kutaka kujua nyani nani akajijazia. Msomaji wa pwani haimpasi kufundishwa kazi ya fumbo. Muyaka aliifanya Mombasa tangu zama za Mazrui. Na mwenzetu Abdilatif Abdalla, aliyesema waziwazi bila ya fumbo, alifungwa mwaka wa 1969 akatoka 1972 na diwani ya Sauti ya Dhiki. Fumbo, basi, halimwepushi mtu jela. Ila lina faida moja: anayemfunga mwimbaji ni lazima kwanza akiri kwamba nyani ni yeye.

Migori imemtoa na mwingine, mwanamke. Princess Jully alikuwa mke wa Prince Jully, mwenye Jolly Boys Band. Mumewe alipofariki mwaka wa 1997 bendi ingeweza kutawanyika, yeye akaishika. Kisha akaimba Dunia Mbaya, juu ya ukimwi, wakati ambapo matangani watu walikuwa wakiutaja ugonjwa huo kwa kila jina isipokuwa jina lake. Nchi nzima iliucheza wimbo ule. Amefariki Oktoba 2024.

Misiani alitangulia. Aliondoka tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya gari Kisumu, mwenye umri wa miaka 66.

Niliwahi kukaa harusini Homa Bay, mpiga nyatiti yupo. Wenyeji wakanihimiza nami nitoe pakruok. Nikatoa shilingi mia mbili. Nikaulizwa nasifiwe vipi, nikakosa la kusema, mimi niliyewatungia watu mashairi ya harusi miaka thelathini. Nikasema jina langu na kwamba natoka Mombasa. Mzee akainama, akalitia jina langu katika nyuzi, akaongeza na maneno mengine marefu kidogo ambayo sikuyajua. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilimuuliza jirani yangu amesema nini. Akanipigapiga goti, akaniambia amenisifu sana.