Espreso ya Nyumbani (3): Mashine ya Kusagia kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Katika sehemu mbili zilizopita tuliangalia kahawa yenyewe, kisha mashine ya kuipikia. Leo tumefika kwenye kifaa ambacho wanunuzi wengi hukitengea chenji iliyobaki, ilhali ndicho kinachoamua kama kikombe kitanyweka. Ushauri wangu ni huu: mwenye dola 400 za kuanzia atenge walau nusu yake kwa ajili ya kusagia, hata kama itambidi anunue mashine ya kupikia ya hali ya chini kuliko aliyoitamani.

Kahawa yetu ya Pwani, inayotwangwa na kuchemshwa kwenye dele pamoja na tangawizi, huvumilia unga usiolingana kwa sababu maji na unga hukaa pamoja motoni kwa muda. Espreso haina subira hiyo. Tangu Achille Gaggia wa Milano alipoingiza sokoni mashine zake za wenzo na springi mwishoni mwa miaka ya 1940, kinywaji hiki kimetegemea mgandamizo mkubwa. Siku hizi kipimo kilichozoeleka ni baa 9, na maji ya nyuzijoto 90 hadi 96. Gramu 18 za unga hutoa gramu 36 hivi za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Kwenye mashine nyingi za nyumbani hakuna koki ya kupunguza mwendo wa maji hayo; kinachoyazuia ni unga wenyewe. Ukiwa wa chenga, maji hupita mbio na kahawa hutoka nyepesi na chachu. Ukiwa laini mno, hutoka tone kwa tone, chungu. Ukiwa mchanganyiko wa chenga na vumbi, maji hujipenyeza pale palipo wepesi na kuacha sehemu nyingine karibu kavu, hivyo uchachu na uchungu hukutana katika kikombe kimoja.

Kwa hiyo mashine ndogo za visu, zile zinazofanana na blenda, ziwekwe kando. Kisu hukatakata ovyo, na kuongeza muda wa kuzungusha hakusawazishi chochote. Espreso inahitaji meno mawili ya kusagia yanayotazamana, yenye nafasi kati yake inayoweza kupanuliwa au kubanwa.

Hapa ndipo matangazo yanapowapoteza watu. Karibu kila mashine yenye meno huandikwa kwamba inafaa kwa espreso, maana yake inaweza kusaga unga laini. Kusaga laini si kazi kubwa. Kazi ni kusogea kidogo kidogo ukiwa ndani ya ulaini huo. Weka gramu 18, saga, shindilia, washa pampu: kikombe kimejaa kwa sekunde 14. Zungusha pete ya kurekebishia hatua moja kuelekea ulaini, rudia kila kitu vilevile: sekunde zimefika 45 na kikombe bado nusu. Sekunde 28 unazozitafuta zimo katikati ya hatua hizo mbili, na mashine haina kituo hapo. Mtu anaweza kumaliza kilo nzima ya kahawa nzuri akilaumu punje, maji na mkono wake mwenyewe, kumbe tatizo ni pete.

Mfano mzuri ni Baratza Encore, mashine ya umeme inayosifika kwa kahawa ya kuchuja. Ina vituo 40, lakini hatua zake ni ndefu mno kwa espreso. Kampuni ikatoa Encore ESP, nayo ya vituo 40, ila 20 vya kwanza vimebanwa kwenye eneo la espreso na vilivyosalia vimeachiwa kahawa ya kuchuja. Kwa mtazamo wa haraka hizi ni ndugu wawili wasiotofautiana, nawe ukiingia dukani bila kujua utachukua ya bei nafuu.

Kabla ya kutoa fedha, fungua kichujio cha mashine uliyonayo ukitazame chini. Mashine nyingi za bei ya kati huja na kichujio chenye kuta mbili: kwa ndani kina matundu mengi, kwa nje moja tu, dogo kama ncha ya sindano. Tundu hilo ndilo linalotengeneza mgandamizo na povu, hata kwa unga mbaya. Ukiwa na kichujio cha namna hiyo, mashine bora ya kusagia haitakuonyesha tofauti kubwa. Tafuta kwanza kichujio cha ukuta mmoja kinacholingana na mashine yako, kwa kuwa ni cha gharama ndogo ukilinganisha na yote tunayozungumzia hapa.

Sasa tuje kwenye bei, na ninataja bei za ng'ambo kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa dola 100 hivi, au zaidi kidogo, sioni kinachoshinda mashine ya mkono. Huna mota unayoilipia. Karibu fedha yote imekwenda kwenye chuma cha meno, mhimili na beringi. Kingrinder K6 ina meno ya umbo la pia yenye upana wa milimita 48, na kila mlio wa pete husogeza meno maikroni 16. Ukipanda hadi dola 200 unapata 1Zpresso J-Ultra, ambayo mlio wake ni maikroni 8. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia, na kwa espreso ina thamani. Gharama yake nyingine ni mkono wako: dakika moja hivi ya kuzungusha, na zaidi ikiwa kahawa imekaangwa kidogo, kwani punje zake ni ngumu. Kwa vikombe viwili kwa siku ninaipendekeza bila kusita. Kwa nyumba yenye wageni kila Ijumaa, hapana.

Anayetaka umeme ana Encore ESP kwa takriban dola 200, na DF54 kwa zaidi ya hapo kidogo. DF54 ina meno bapa ya milimita 54 na hurekebishwa bila vituo, popote unapotaka. Meno ya pia kwa kawaida huacha vumbi zaidi, na kikombe huwa kizito. Meno bapa huelekea kutenganisha ladha. Ukinywa mchanganyiko wenye robusta ya Kagera pamoja na maziwa, meno ya pia yanakutosha kabisa. Ukinunua arabika ya Kilimanjaro au SL28 ya Kenya iliyokaangwa kidogo, meno bapa yatakuonyesha ulichokilipia.

Uliza pia kiasi gani cha unga hubaki ndani. Gramu mbili za jana zikichanganyika na 16 za leo, hutajua unarekebisha nini. Sehemu ya unga hunasa kwa sababu ya umemetuli unaozaliwa punje zinaposagwa; tone moja la maji juu ya punje kabla ya kusaga hupunguza hali hiyo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon waliithibitisha mwaka 2023.

Kwa wanaoagiza kupitia jamaa walioko Marekani, soma kibandiko cha chini kabla ya kulipa. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu ni 230 hadi 240, na adapta ya plagi haibadilishi volti. Omba toleo la Ulaya au Uingereza, hata likizidi bei.

Mashine iliyotumika inaweza kuwa nafuu kubwa, mradi muuzaji akuruhusu kutoa meno. Pitisha kidole taratibu kwenye kingo: zinapaswa kukwaruza ngozi. Zikiwa laini na zinang'aa, ulizia kwanza bei ya meno mapya na uikate kwenye bei anayotaka. Na akikueleza kwamba alikuwa akiisafisha kwa kusaga mchele mbichi, sikiliza mota kwa makini, kwa kuwa mchele mkavu huweza kuielemea mota na gia zilizotengenezwa kwa ajili ya kahawa.

Wiki ijayo: mizani, kushindilia, na maji ya bomba yenye chumvi.