Psi 20,000 chini ya bahari: Kabla vali ipewe kazi, lazima iteswe

Tairi ya gari dogo hubeba presha ya psi 30 hivi. Sasa hebu fikiria kichwa cha kisima cha mafuta, huko chini ya bahari, kinachotakiwa kuhimili psi 20,000. Hiyo ni zaidi ya mara 600 ya tairi yako, msee. Ndani mafuta yanaweza kuwa na joto la nyuzi 177 na zaidi, huku maji ya nje yakiwa baridi kama ya friji.

Huko hakuna kuaminiana kwa mdomo. Vali ya muundo mpya inapelekwa maabara, inateswa. Inapashwa moto hadi kiwango chake cha juu, inapozwa hadi cha chini, inafunguliwa na kufungwa mara nyingi ikiwa na presha. Ikivuja, mainjinia wanarudi kwenye mchoro. Kwa kawaida, mwili wa vali ya psi 15,000 hupimwa kwa psi 22,500.

Mbona joto na presha vipimwe pamoja? Kwa sababu chuma kikipata moto hupoteza nguvu, na mpira wa kuziba huharibika. Vali inayopita mtihani ikiwa baridi yaweza kufeli ikiwa moto.

Usidhani ni mambo ya vitabuni. Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika siku 87. Kifaa cha kuzuia mlipuko kilikuwa cha daraja la psi 15,000. Lakini wachunguzi wa Marekani walikuta bomba limepinda ndani yake, visu vya kulikata vikashindwa kuziba kisima. Kulikuwa pia na waya zilizounganishwa visivyo, na vipimo vya kila mara havikuzigundua.

Kazi haijasimama. Agosti 2024, Chevron ilianza kutoa mafuta kwenye mradi wa Anchor, ghuba hiyo hiyo, kwa vifaa vya psi 20,000.

Nasi tuna bahari. Mwaka 2012, kisima cha Mbawa-1 kilipata gesi kwenye maji ya Kenya. Siku ukiajiriwa huko, au ukiwa mkazi wa Pwani tu, usitosheke na cheti chenye namba kubwa. Uliza: kilipimwa kikiwa moto kiasi gani, mara ngapi, na katika hali gani mbaya?