Ultrasaundi ya Utumbo katika Ufuatiliaji wa Maradhi Sugu ya Uvimbe wa Utumbo: Mtazamo kutoka Kilosa na Mikumi

Makala haya yanaeleza nafasi ya ultrasaundi katika kuwafuatilia wagonjwa wa Crohn na wa kolaitisi ya vidonda katika mazingira ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Hoja kuu ni kwamba kipimo hiki kinafaa kuonyesha mwenendo wa ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa, lakini peke yake hakitoshi kuuthibitisha.

Maradhi haya hupanda na kutulia, hivyo mgonjwa hupaswa kupimwa mara kwa mara. Kolonoskopi hudai dawa za kusafisha tumbo na mtaalamu wa kuifanya. Kwa mkazi wa Mikumi, huweza kudai pia safari ya takribani kilomita 300 hadi Dar es Salaam. Ultrasaundi haina mionzi, haihitaji kusafisha tumbo, na hutumia mashine ya aina ileile inayowapima wajawazito, ilimradi iwe na kichwa cha masafa ya juu.

Mpimaji hukandamiza tumbo taratibu, akifuata utumbo mpana hadi unapoungana na utumbo mwembamba. Ukuta unaozidi unene wa milimita 3 hutiliwa shaka. Dopla ya rangi ikionyesha damu nyingi ukutani, shaka ya uvimbe hai huongezeka. Puru, hata hivyo, huonekana kwa shida.

Tatizo ni kwamba unene wa ukuta hautaji chanzo chake. Kifua kikuu cha utumbo hushambulia zaidi maungio hayohayo yanayopendwa na Crohn. Amiba na kichocho cha matumbo navyo huweza kuleta kuhara damu kama kolaitisi ya vidonda. Kosa hapa lina gharama kubwa: steroidi akipewa mwenye kifua kikuu kisichotambuliwa, maambukizi huweza kuenea mwilini.

Kwa hiyo, utaratibu unaopendekezwa ni huu: uthibitisho ufanyike katika hospitali ya rufaa kwa kolonoskopi na vinyama vya maabara, mgonjwa arudi na kipimo cha awali kilichoandikwa kwa milimita, kikitaja sehemu ya utumbo iliyopimwa, kisha hospitali iliyo karibu naye irudie kipimo hichohicho, mahali palepale. Ukuta ukinenepa tena, au homa na kukonda vikizidi, apelekwe rufaa kabla ya kuongezewa dawa.