Kompyuta ya zamani: diski mpya au mashine mpya?

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaotunza hesabu zao nyumbani wanatumia kompyuta za miaka minane au kumi, nyingi zikiwa zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai. Malalamiko ni yale yale: mashine inawashwa asubuhi, mwenyewe anakunywa chai mpaka anaimaliza, na bado haijawa tayari. Akienda dukani kuulizia, jibu analopewa mara nyingi ni anunue nyingine.

Ukurasa huu unamshauri msomaji asitoe fedha hizo kabla ya kuangalia diski. Katika kompyuta za umri huo, kinachochelewesha kazi mara nyingi si ubongo wa mashine bali ghala lake.

Diski ya kizamani ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna mkono unaokwenda huku na huko kusoma. Zile za laputopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mkono ukishafika penye faili, unasubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa, ndipo usome. Kwa hiyo kazi ndogo ndogo za kusoma hapa na pale hazifiki 100 kwa sekunde moja, na kuwasha kompyuta ni maelfu ya kazi za namna hiyo. Ni sawa na mtunza ghala mmoja anayetembea mwenyewe kufuata kila mfuko wa sukari.

Diski za chipu, zinazojulikana kwa herufi SSD, hazina kinachozunguka. Hata ya bei nafuu inafanya maelfu ya kazi hizo kwa sekunde. Kwa faili kubwa, diski ya sahani ya laputopu inasoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida inayofungwa mahali pale pale inafika 500.

Hata hivyo, kuna mashine ambazo hazistahili gharama hiyo. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 itabaki nzito hata ukiifungia diski ya dhahabu. Halafu kuna suala la Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Diski mpya haiondoi tatizo hilo. Anayefanya miamala ya benki kwa mashine ya namna hiyo afikirie kuweka mfumo wa Linux, ambao ni bure na huchukua nafasi ndogo.

HESABU YA BEI

Diski hupimwa kama unga: bei igawanywe kwa uzito. Tuseme ya gigabaiti 240 ni sh. 72,000 na ya 480 ni sh. 110,000 (bei hizi ni za mfano wa hesabu tu). Ya kwanza ni sh. 300 kwa gigabaiti, ya pili ni kama sh. 229. Kubwa ndiyo rahisi, ila kwa yule tu atakayeijaza. Vitabu vya hesabu vya duka havichukui nafasi ya maana. Zinazojaza diski ni picha na video. Msomaji pia asishtuke akinunua terabaiti 1 na kompyuta ikamwonyesha 931. Kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024, kwa hiyo hapo hajaibiwa.

Soko lenyewe linayumba kuliko wengi wanavyodhani. Diski za sahani duniani zimebaki kutengenezwa na kampuni tatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalipozamisha viwanda, bei zilipaa ndani ya wiki chache, nyingine maradufu. Mwaka 2021 sarafu ya kidijitali iitwayo Chia, inayohitaji nafasi kubwa ya diski, iliwafanya watu wakusanye diski kubwa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 2025 chipu za kumbukumbu zilipanda bei kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilizigombania.

Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya kuuza asijaze stoo kwa mkopo akitarajia bei ya jana. Ama mwenye diski inayogonga ndani, au inayoganda kila faili linapofunguliwa, huyo asingoje soko lishuke. Sheria za usimamizi wa kodi za Tanzania na Kenya, zote za mwaka 2015, zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na mkaguzi akifika, diski iliyokufa haitamjibu maswali.

MALI BANDIA

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Zipo diski za nje zinazotangazwa kuwa na terabaiti 16 kwa bei isiyolipia hata moja. Ukizifungua unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, imegundishwa ndani ya kasha. Programu yake imefundishwa kuidanganya kompyuta. Mnunuzi anapakia faili, kila kitu kinaonekana sawa, na nafasi halisi ikishajaa faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani. Anagundua miezi mingi baadaye, muuzaji hayupo.

Dawa yake ni kuijaza diski yote kabla muda wa kurudisha haujapita. Programu ya bure ya H2testw huiandika mpaka mwisho, kisha huisoma tena na kutoa taarifa. Kwa watumiaji wa Linux ipo F3. Kazi hii inaweza kuchukua saa nyingi, lakini ni nafuu kuliko kupoteza daftari la wadeni.

Ipo pia mali iliyotumika inayouzwa kama mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilifichuliwa Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zimefutwa kumbukumbu za matumizi na kuuzwa madukani kama mpya. Seagate ilisema si yenyewe iliyoziuza. Kama hayo yanatokea Ulaya, mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli hana sababu ya kuona haya kudai risiti yenye namba ya diski, na kuihakiki namba hiyo kwenye tovuti ya kiwanda kabla ya kulipa. Diski iliyotumika si haramu. Iuzwe tu kwa jina lake na kwa bei yake.

KUIFUNGA

Kufunga kwenyewe ni bisibisi na dakika 20. Diski ya laputopu na SSD ya inchi 2.5 zina plagi zile zile za SATA. Kompyuta ya mezani mara nyingi ina nafasi ya diski ya pili, hivyo SSD ibebe Windows na ya zamani ibaki kwa mafaili. Uangalifu unahitajika kwa vipande vyembamba vya M.2, maana vipo vya SATA na vya NVMe, vinafanana sana kwa macho, na tundu la kompyuta huenda likakubali aina moja tu. Mwambie muuzaji modeli ya kompyuta yako kabla hajafungua pakiti.

Nakala muhimu zihifadhiwe kwanza mahali pengine, ndipo Windows na mafaili vihamishwe kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Kama diski imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker, andika ufunguo huo kwenye karatasi na ufungue diski kabla ya kuanza. Betri ya laputopu iwe imejaa. Ya mezani iwe kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati itabidi kuanza upya.

Usiwe na haraka ya kuitupa diski ya zamani. Ikiwa bado nzima, kasha la nje la USB linaifanya kuwa ghala la nakala, na kwa kukaa kabatini miezi mingi bila umeme, diski ya sahani inaaminika kuliko SSD. Ukiamua kuiuza, kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, kwani fundi mwenye programu sahihi anaweza kuyarudisha. Iandikwe yote upya kwa sifuri, hata kama mnunuzi anasubiri mlangoni.